Mawe Tuliyoyakata Makavu

Kama wewe ni fundi wa mawe, wa vigae au wa terazo, au unasaga kuta za zege kwa grinda, kaa chini kidogo unisikilize. Kama si fundi lakini unamfulia fundi nguo, wewe sogea karibu zaidi. Sitakufundisha udaktari, maana siujui. Nitakuambia tu yaliyonipata mimi Barasa, fundi wa graniti hapa Juba, na jinsi nilivyohangaika na mwenzangu Lado, ambaye kichwa chake ni kigumu kuliko jiwe lolote nililowahi kukata.

Niko hai. Nalisema mapema usije ukasoma roho mkononi. Nina pafu moja zima na kipande cha la pili, ngazi nazipanda kwa adabu, na ugali nakula kama zamani.

Nilikuja Juba kutoka Webuye miaka kumi na mitatu iliyopita. Hoteli zilikuwa zinachipuka mtaa wa Thongpiny kila kukicha, na kila hoteli ilitaka meza ya mapokezi ya graniti nyeusi inayong'aa. Nikafungua karakana mtaa wa Buluk, ua mdogo uliozungushiwa mabati. Mwaka wa pili akaja Lado, mwenyeji wa hapa aliyekulia kambi ya wakimbizi Uganda, mwenye mabega ya kubeba jiwe bila kuguna. Nikamfundisha kupima, kukata na kung'arisha. Akaanza kuniita Mualim, ndivyo wanavyomwita fundi mkuu hapa, nami nikavimba kichwa. Lakini nilimfundisha pia mambo mawili ambayo leo nikiyakumbuka nauma vidole.

La kwanza ni kukata kavu. Jiwe ukilikata linataka maji ya kutuliza vumbi, kila fundi anajua. Ila Juba wengi wetu maji hatupati bombani. Yanakuja na lori la tenki, unajaziwa pipa lako, na pipa hilohilo ndilo la kupika, kuoga na kufua. Sasa nani alimwagie jiwe maji ambayo mke wake anayangoja nyumbani? Tukakata kavu. Vumbi lilipaa mpaka humwoni mwenzako. Tulijifunga vitambaa puani, na jioni tulitoka weupe kuanzia nyusi hadi viatu. Mke wangu Nekesa alikuwa akinifungulia mlango anacheka. "Shikamoo babu," ananiambia, "umemwona mume wangu huko utokako?"

La pili ni maziwa. Hili mafundi wengi tumelirithi. Fundi aliyenifundisha alisema jioni lazima unywe maziwa, yanateremsha vumbi, naye aliambiwa na fundi wake, huyo naye na wake. Nalongo, mama wa Kiganda mwenye duka mkabala na karakana, alituwekea pakiti mbili kila siku saa kumi na moja. Lado hapendi maziwa. Nilikuwa nasimama mbele yake kama mnyapara mpaka amalize. "Kunywa wewe! Unataka kufa?" Nilijiona mkubwa wa kazi mwenye utu. Na miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza maziwa yanayoshuka tumboni yanafikaje kwenye mapafu. Mafundi wa kupima hadi milimita!

Kikohozi kilikuwepo, sitadanganya. Kilianza kikiwa cha asubuhi tu, kikahamia na jioni. Nekesa aliniambia niende hospitali nikamwambia kesho. Kesho hiyo ilichukua miaka miwili.

Aliyenipeleka hospitali ni boda. Ilikuwa kiangazi, jua la Februari la kukaangia yai, natoka kupima meza ya jikoni ya mteja upande wa Bilpam. Dereva akamkwepa mbuzi, mbuzi naye akaamua kurudi alikotoka, tukaenda chini wote. Mbuzi hakupata hata mkwaruzo. Mimi mbavu ziliniuma hata kucheka nikashindwa, na kwangu kushindwa kucheka ni ugonjwa kamili. Nekesa akanipeleka kupigwa picha ya kifua.

Daktari alikuwa mwanamama wa miwani, mpole, mwenye sauti ya kukufanya ukae wima. Aliiangalia ile picha muda mrefu.

"Mbavu ziko salama," akasema. "Lakini hapa juu kuna kitu ambacho hakikuletwa na boda."

Akaniuliza kama navuta sigara. Nikamwambia nilijaribu mara moja shuleni nikatapikia sare. Akatabasamu, akaniuliza kazi. Nikamwambia. Akamgeukia mke wangu.

"Nguo zake za kazi anazifua nani, mama?"

"Mimi," Nekesa akajibu. "Nazikung'uta kwanza nje, vumbi liishe, ndipo naziloweka."

Akaona uso wa daktari, na mimi nikauona wake. Siku hiyohiyo naye akapigwa picha. Nilikaa kwenye benchi la kijani ukutani nikimngoja, mbavu zikiuma, na niliomba kwa Mungu kwa lugha zote ninazojua, Kibukusu, Kiswahili, Kiingereza cha kuombea kazi, na Kiarabu cha sokoni. Picha yake ilikuwa safi. Nikataka kumkumbatia. Akanipita, akaenda kusimama nje kwenye jua.

Alinikasirikia wiki nzima. Chakula alipika, maji ya kuoga alinitengea, ila neno hakunipa. Siku ya nane akaweka sahani chini akasema, "Baba Wekesa, nilikuambia kuhusu hicho kikohozi. Nilikuambia nikiwa nimesimama, nikiwa nimekaa na nikiwa nimelala. Sasa ukifa mimi nitakuua." Nikacheka, mbavu zikanikata, naye akaanza kucheka huku analia. Hapo ndipo tulipoanza kuugua pamoja. Kama mwenzako amekununia, mvumilie, hofu inakuja kwa sura nyingi.

Daktari alishuku saratani ya pafu, na Juba hatukuweza kumaliza shughuli hiyo, ikabidi twende Nairobi. Kuhusu gharama sitasema kitu, kila mgonjwa ana yake. Nitasema tu kwamba watu wa kanisa letu hapa si watu, ni malaika wenye simu za tochi. Lado alinisindikiza kituo cha basi, akaniletea pakiti ya maziwa ya safari. Sikuwa bado nimepata moyo wa kumwambia kwamba hayasaidii kitu.

Chumba cha kungojea cha wagonjwa wa saratani, sikiliza, si mahali pa huzuni kama ulivyodhani. Nilikuta watu wanaulizana bei ya nyanya. Nilimkuta mzee mmoja aliyekuwa akifika saa kumi na mbili asubuhi kushika kiti karibu na dirisha, na ole wako ukikalie. Nilikuta wanaume wawili waliokata mabati ya asbestosi maisha yao yote, na mmoja aliyefanya kazi kiwandani karibu na tanuri. Wote tuliulizwa swali moja na majirani zetu: "Kwani ulikuwa unavuta?" Hata shemeji yangu alinong'ona hivyo. Mwanzo iliniuma. Baadaye nikawa najibu, "Ndiyo, nilivuta hoteli saba na benki mbili."

Upasuaji ulifanyika mvua za masika zilipoanza. Walinitoa sehemu ya juu ya pafu la kulia. Niliamka nikiwa na mrija ubavuni na kiu ya ajabu, nikamwona Nekesa amelala kwenye kiti mdomo wazi. Nikashukuru. Kesho yake akaja msichana wa mazoezi ya kupumua na puto jekundu, akaniambia nipulize. Mimi, mtu mzima niliyebeba graniti ghorofa ya tatu, nikalipuliza puto la mtoto likakaa vilevile, limelegea. Msichana akanipigia makofi. Nikamwambia, "Unapiga makofi ya nini, halijajaa." Akasema, "Umejaribu, mzee." Siku ya tano likafikia ukubwa wa chungwa, na wodi nzima ikashangilia.

Halafu zikaja dripu za kemo, dawa ya kuua saratani. Zilikuwa nne, kila baada ya wiki tatu, na tangu hapo kalenda yangu haikuwa na miezi tena. Dripu ya kwanza haikunifanya kitu, nikajisifu. Dripu ya pili ikasikia nikijisifu. Nilitapika mpaka nikaomba msamaha kwa dhambi za babu yangu. Ndevu ziliondoka, nyusi nazo, na vidole vya miguu vikafa ganzi hivi kwamba nilivaa kandambili za dada yangu, tuliyefikia kwake Nairobi, nusu siku bila kujua. Chakula chote kilikuwa na ladha ya msumari. Kilichonipita kooni ni mrenda tu, ile mboga ya kuteleza, nao ulipita bila kubisha hodi. Ukifika hapo, tafuta chakula chako kimoja ushikamane nacho, usijilazimishe nyama kwa sababu wageni wameileta.

Kwenye dripu ya tatu ndipo nilipopata akili. Nimelala pale naangalia ule mfuko juu, mrija mwembamba, kile kigurudumu kidogo cha kuongeza na kupunguza. Tone. Tone. Tone. Maji kidogo sana, nusu siku nzima. Nikamshika Nekesa mkono.

"Mama Wekesa, pipa lote la nini? Jiwe linahitaji hivi tu!"

Akadhani dawa imenipanda kichwani, akaita muuguzi.

Nilirudi Juba mvua zikiwa zimekolea, barabara za Munuki zimekuwa mito, nami nimepungua hata mkanda umeomba tundu jipya. Moja kwa moja nikaenda karakana. Nikasikia grinda kabla sijaona kitu. Kisha nikaona lile wingu jeupe, na ndani yake Lado, kitambaa puani, anakata meza ya jikoni ya mtu. Kavu. Nje ya lango, kwenye kivuli, pakiti ya maziwa yake imewekwa tayari kwa jioni.

Huyu mtu amefuata mafundisho yangu yote bila kukosa hata moja. Amevuta lile vumbi miaka kumi na moja kwa sababu mimi nilimwambia akijifunga kitambaa na kunywa maziwa yuko salama. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka akazima mashine.

"Mualim! Umerudi! Wewe iko mwembamba kama mimi siku ya harusi!"

Tukasalimiana kwa kelele. Kisha nikamwambia kila kitu, maziwa, vumbi, picha. Nikamwambia aende akapigwe picha kesho yake. Akatikisa kichwa.

"Mimi hapana enda."

"Kwa nini?"

"Mualim, wewe ulikuwa mzima. Unabeba mawe, unakula, unapiga kelele. Ukaingia kwa mashine ya picha siku moja tu. Kutoka hapo, ugonjwa, kukatwa, nywele hakuna. Mimi iko mzima. Kwa nini niingie?"

Ukilisikiliza swali hilo vizuri, lina mantiki. Alichokiona yeye ndicho hicho: Barasa aliingia anatembea, akatoka mgonjwa. Wangapi wanaogopa picha kuliko ugonjwa wenyewe! Nilibembeleza, nikagomba, nikamtumia mchungaji, nikamtumia Nekesa ambaye akigomba hata mbwa wa jirani hukaa. Lado akajibu kila mtu kwa upole uleule, "Mafi mushkila, hapana shida, mimi iko sawa," kisha anakohoa kidogo akigeuzia uso ukutani. Kikohozi hicho nilikijua. Kilikuwa changu.

Usiku sikulala vizuri miezi hiyo, na si kwa ajili ya kifua changu.

Nikaona maneno hayamfanyi kitu. Basi nikarudi kwenye akili yangu ya dripu. Grinda ya kawaida na maji ni kutafuta kifo kingine cha umeme, kwa hiyo tukaagiza mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya kukata na maji. Nikaning'iniza jerikeni ya lita ishirini juu ya nguzo, nikaunganisha mrija mwembamba wenye koki ndogo, nikauelekeza kwenye bamba la jiwe pale mashine inapopita. Lado alisimama pembeni ameshika kiuno, anapigia hesabu maji ya watu. Kitambaa nikakitupa, nikanunua barakoa zile ngumu za vichujio, ambazo Lado alisema zinamfanya aonekane mdudu. Nalongo akaja kutazama kutoka dukani.

"Fundi, mawe nayo yanaumwa? Yamewekewa dripu?"

"Hiyo ni kemo yao, Nalongo."

Jina likabaki. Mpaka leo wateja wanauliza meza yao ya jikoni itamaliza kemo lini.

Siku ya kwanza Lado alikata meza moja ndefu ya baa ya hoteli. Hapakuwa na wingu. Niliona macho yake kazini kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, na nikagundua kwamba akikata huwa anafumba jicho moja. Maji yaliyotiririka kutoka kwenye jiwe yalikuwa mazito, ya kijivu, yanaingia kwenye karai tulilotega chini. Jerikeni haikwisha hata nusu. Alipomaliza akavua barakoa, akachuchumaa mbele ya karai. Lilikuwa limejaa tope. Akaingiza mkono, akalifinyanga, likakaa kiganjani zito kama donge la ugali.

"Hii ni ya meza moja?"

"Moja."

"Ile zamani, ya kavu, hii ilikuwa inaenda wapi?"

Sikutaka kumjibu, lakini aliniangalia akingoja.

"Nyingine ilienda kwa Nalongo dukani, nyingine kwenye nguo akaila Nekesa. Nyingine yangu ilitolewa Nairobi. Na nyingine iko kwako, Lado."

Aliliangalia lile tope mpaka likaanza kukauka vidoleni na kugeuka jeupe. Akanawa. Akanawa tena. Akaenda nyumbani bila kuaga, na mimi nikajilaumu kwamba nimemtisha mtu mwenye watoto wanne.

Asubuhi nilimkuta amekaa nje ya lango, amevaa shati lake la kanisani.

"Yala, Mualim," akasema. "Twende kabla moyo haujabadilika."

Daktari alikuwa yuleyule wa miwani. Picha ya kwanza ilikuwa na madoa. Akasema hayamwambii vya kutosha, akaagiza skani, na majibu tungeyapata baada ya siku tatu. Wakati wa ugonjwa wangu niliwaambia watu kwamba kungoja ni kazi kama kazi nyingine, ukizoea inakwenda. Nilisema upuuzi. Niliyangoja ya kwangu nikiwa na imani na mizaha yangu. Haya ya Lado niliyangoja bila kitu. Nekesa aliniona nazunguka uani akasema, "Sasa umeonja niliyoyanywa mimi." Nikamwomba msamaha, safari hii kwa dhati, na akanipa.

Siku ya tatu tukakaa kwenye lile benchi la kijani, Lado na shati lake la kanisani, mimi na pumzi yangu fupi. Mara akaniuliza, "Ikiwa mbaya, wewe utakuja na mimi Nairobi?" Nikamwambia nitakuja na puto.

Tukaitwa. Daktari akaiweka skani kwenye kioo chenye taa, akatuonyesha kwa kalamu.

"Haya ni makovu ya vumbi. Yamekaa, hayatatoka, na usimruhusu mtu akudanganye kwamba kuna kinywaji cha kuyatoa." Nikaangalia sakafu. "Uvimbe sioni. Utakuwa unakuja kuangaliwa kila mwaka, na ukiona damu au umepungua, usingoje mwaka. Jiwe kavu usiliguse tena maishani."

"Saratani hakuna?" Lado akauliza.

"Hakuna."

"Kalas? Imekwisha?"

"Kalas," daktari akacheka.

Lado akageuka kunitazama anataka tushangilie, akanikuta nalia. Si machozi ya kufuta kwa kidole. Nililia kwa sauti mbele ya daktari na muuguzi, kamasi na kila kitu, mpaka mapafu yangu yaliyobaki yakaanza kulalamika.

"Mualim," akasema, ameshangaa kweli. "Wewe walikukata, wakakupa sumu kwa mshipa, hukulia. Sasa unalia juu ya pafu yangu?"

Nilitaka kumwambia kwamba la kwangu nililiharibu mwenyewe kwa ujinga wangu, lakini la kwake ningekuwa nimeliua mimi, kwa mafundisho yangu, huku yeye akiniita Mualim. Pumzi haikutosha maneno yote hayo. Nikamwambia tu, "Nisamehe."

Kisha akanishika mkono, wanavyoshikana wanaume wa hapa wanapotembea pamoja, tukatoka nje polepole, yeye akipunguza hatua zake ndefu zilingane na zangu.